Picha Ikivurugika Kwenye Skrini: Mtafute Mchawi Kabla ya Kufuta Programu

Uko katikati ya kuhariri picha kwenye kompyuta. Mandhari ya nyuma umeshaikata, umebakiza kulainisha kingo za nywele, mara turubai, yaani eneo la kufanyia kazi picha, inageuka nyeusi tii. Au ukisogeza picha, miraba yake inabaki nyuma kama vigae vilivyobanduka ukutani. Au brashi inaacha kivuli kila inakopita, na ukikuza picha kidogo tu kivuli kinatoweka chenyewe. Moyo unaenda mbio, na mkono wa wengi hukimbilia kufuta programu na kuisakinisha upya.

Nakusihi usianze hapo. Programu ikifutwa, mara nyingi folda ya mipangilio yake hubaki kwenye diski, na siku ikirudishwa huisoma mipangilio ileile. Kama kosa lilikuwa humo, litakuwa linakusubiri. Na kama kosa halikuwa la programu tangu mwanzo, umepoteza saa nzima, na pengine hata brashi zako, bila kusogea hata hatua moja.

Picha unayoiona hupita mikono minne kabla ya kufika machoni pako. Kuna faili lenyewe diskini. Kuna programu inayolifungua na kukokotoa rangi ya kila pikseli, yaani kila nukta ndogo ya picha. Kuna kadi ya michoro, ikiongozwa na draiva yake (programu inayoiunganisha na mfumo wa kompyuta), inayochora matokeo. Halafu kuna kebo na skrini. Hitilafu iko kwa mmoja wa hawa wanne, na ukishamjua ni yupi, marekebisho mara nyingi huchukua dakika chache. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumtambua.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka ndani ya programu, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Okoa kazi kwanza

Turubai nyeusi haina maana kwamba kazi imepotea. Kinachokufa mara nyingi ni uchoraji wa picha kwenye skrini, huku pikseli zenyewe zikiwa salama kwenye kumbukumbu ya programu. Basi bonyeza Ctrl+Shift+S (kwenye Mac ni Command+Shift+S) na uhifadhi kwa jina jipya. Usihifadhi juu ya faili la awali, kwa sababu bado hujui kama ugonjwa uko kwenye picha au nje yake. Baada ya hapo funga programu, iwashe tena, ufungue nakala hiyo. Ikiwa safi, endelea na kazi lakini kumbuka ulichokuwa unafanya tatizo lilipotokea: ulikuwa unakuza picha, unazungusha turubai, unatumia kichujio, au ulikuwa umehamishia dirisha kwenye skrini ya pili? Kumbukumbu hiyo itakufaa tatizo likirudi.

Majaribio ya kujua mbivu na mbichi

La kwanza ni picha ya skrini. Kasoro ikiwa inaonekana, bonyeza Windows+Shift+S, au Shift+Command+4 kwenye Mac, kisha itume picha hiyo kwenye simu na uitazame huko. Ni muhimu uitazame kwenye kifaa kingine, kwa sababu skrini mbovu itaichafua hata picha safi. Kasoro ikionekana kwenye simu pia, basi imetokea ndani ya kompyuta: programu, kadi au draiva. Ikiwa kwenye simu picha ni safi, mtuhumiwa wako yuko upande wa kebo na skrini, kwa kuwa picha ya skrini hunaswa ndani ya kompyuta kabla ishara haijaingia kwenye waya. Jaribio hili ni zuri kwa mistari, miraba na madoa. Kwa rangi iliyopinda kidogo usilitegemee, maana simu nayo ina rangi zake.

La pili ni kutoa nakala ya PNG, aina ya kawaida ya faili la picha, na kuifungua kwa programu nyingine kabisa, hata ile ya kawaida ya kutazamia picha. Kasoro ikiwa imo, iko ndani ya kazi yako: zima leya (matabaka yanayounda picha) moja baada ya nyingine mpaka uipate yenye doa. Isipokuwemo, shusha pumzi. Kazi yako ni nzima, na unachotibu ni namna inavyoonyeshwa tu.

Kuna la tatu ambalo wengi hawalijui, nami nalipenda sana. Ifungue picha ileile kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. GIMP huchora turubai yake kwa kutumia prosesa ya kompyuta, wakati Photoshop na Krita, programu nyingine za picha na uchoraji, huitegemea kadi ya michoro kwa kazi hiyo. Photoshop ilianza kuitumia kadi kuchora turubai katika toleo la CS4, mwaka 2008. Kwa hiyo picha ikivurugika kwenye Photoshop na kutulia kwenye GIMP, tayari unajua kwamba njia inayopitia kwenye kadi ndiyo yenye kasoro. Ikivurugika kote kuwili, na kwenye kivinjari cha intaneti pia, usiihangaikie tena programu ya picha. Nenda moja kwa moja kwenye draiva au vifaa.

Mambo yanayofanana na hitilafu

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu nimeona watu wakibadilisha draiva kwa jambo ambalo kitufe kimoja kingelimaliza.

Miraba ya kijivu na nyeupe iliyopangwa kama ubao wa drafti ni alama ya sehemu isiyo na rangi yoyote, yaani inayopitisha nuru. Ukiiona baada ya kufuta kitu, umefuta mpaka chini, au leya ya nyuma imezimwa.

Paneli zote zikitoweka ghafla, bonyeza Tab. Kitufe hicho huficha na kurudisha paneli kwenye Photoshop, GIMP na Krita, na ni rahisi sana kukigusa bila kukusudia. Kwenye Photoshop, herufi F nayo hubadilisha namna dirisha linavyojaa skrini; ibonyeze mara mbili tatu mpaka urudi ulikotoka.

Duara la brashi likigeuka msalaba mdogo kwenye Photoshop, tazama kama Caps Lock imewaka. Izime, duara litarudi. Ikiwa duara halionekani kabisa, huenda brashi ni kubwa kuliko dirisha zima au ndogo kama pikseli moja.

Mistari myembamba ya gridi inayojitokeza ukikuza picha kupita asilimia 500 kwenye Photoshop ni gridi ya pikseli. Inazimwa kwenye View, kisha Show, kisha Pixel Grid. Na ule mstari wa vipande wenye rangi ya njano unaoizunguka picha kwenye GIMP ni mpaka wa leya, hautachapishwa popote.

Ukiona rangi haiingii mahali unapopaka, usidhani turubai imeganda. Pengine kuna eneo ulilolichagua na mistari yake imefichwa. Kwenye Photoshop, Ctrl+H huificha mistari hiyo bila kuliondoa eneo lenyewe. Bonyeza Ctrl+D kuliondoa, kisha ujaribu tena.

Kubwa kuliko yote ni asilimia ya ukuzaji. Picha ikitazamwa kwa asilimia 33.3 au 66.7, programu hulazimika kubana pikseli kadhaa ndani ya moja, na matokeo yake mistari myembamba huonekana kama msumeno, punje za picha huongezeka au hupotea, na ukali uliouweka huonekana umezidi. Usihukumu ukali wala punje kabla ya kutazama kwa asilimia 100. Kwenye Photoshop ni Ctrl+1. Kwenye GIMP na Krita ni kitufe cha 1 peke yake.

Zima kadi, halafu iwashe tena

Ikiwa majaribio yameelekeza kwenye kadi, na unatumia Windows, anza na Windows+Ctrl+Shift+B. Skrini itazimika kwa kitambo kifupi na kurudi, huku programu zako zikibaki wazi, kwa kuwa umeiwasha upya draiva ya michoro tu. Kasoro ikiondoka kisha ikarudi baada ya muda, umeshapata ushahidi kwamba tatizo ni draiva, kumbukumbu au joto.

Kisha iambie programu isiitumie kadi kabisa. Kwenye Photoshop fungua Edit, Preferences, Performance, uondoe tiki kwenye Use Graphics Processor (kwenye Mac, mipangilio hii imo kwenye menyu yenye jina la programu). Funga programu na uiwashe tena. Kwenye Krita ni Settings, Configure Krita, Display, na hapo utakuta sehemu ya kuzima msaada wa kadi kwenye turubai.

Kasoro ikitoweka, wengi huishia hapo wakaendelea na kazi wakiwa wameizima kadi. Mimi sishauri. Bila kadi, ukuzaji huwa mzito, kuzungusha turubai hakufanyi kazi kwenye Photoshop, na baadhi ya vichujio hugoma. Irudishe tiki, kisha fungua Advanced Settings na upunguze kimoja kimoja: ondoa OpenCL (njia ya kuipa kadi mahesabu) ukiikuta, jaribu, na kama toleo lako lina chaguo la namna ya uchoraji, lishushe kutoka Advanced hadi Basic, jaribu tena. Kwenye Krita ya Windows, badilisha mchoraji, yaani njia ambayo programu huitumia kuiagiza kadi, kutoka Direct3D 11 kwenda OpenGL, au kinyume chake. Mara nyingi badiliko hilo moja linatosha, na turubai inabaki nyepesi.

Badilisha kitu kimoja tu kila mara. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na tatizo likaisha, hutajua dawa ilikuwa ipi, na siku likirudi utaanza upya.

Draiva

Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, chagua Device Manager, kisha Display adapters. Ukikuta jina Microsoft Basic Display Adapter, kompyuta yako haina draiva halisi ya kadi, na hiyo peke yake inaeleza mengi. Vinginevyo fungua Properties, nenda kwenye Driver, uangalie tarehe.

Swali la maana ni moja: tatizo lilianza lini? Likianza baada ya sasisho, bonyeza Roll Back Driver urudi toleo la nyuma. Likiwa la siku nyingi na draiva ni ya zamani, pakua mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi: NVIDIA, AMD au Intel. Wenye kadi za NVIDIA wana draiva za namna mbili, na zile zinazoitwa Studio zimelenga programu za ubunifu; kwa kazi ya picha chagua hizo badala ya zile za michezo. Kwenye kompyuta mpakato, tovuti ya aliyetengeneza kompyuta yenyewe inaweza kuwa mahali salama zaidi pa kuanzia.

Wa Mac hawana draiva ya kupakua. Huja pamoja na masasisho ya macOS. Wa Linux, ikiwa mfumo wao una X11 na Wayland (njia mbili za kuonyesha madirisha), wajaribu kuingia kwa moja badala ya nyingine pale kwenye ukurasa wa kuingilia. Ni jaribio la dakika moja na linaweza kutenganisha tatizo la kadi na la mazingira ya dirisha.

Kompyuta mpakato nyingi zina kadi mbili, ndogo ya kuokoa betri na kubwa yenye nguvu. Programu ikirukaruka kati ya hizo mbili, vurugu haikosekani. Kwenye Windows 10 na 11 fungua Settings, System, Display, Graphics, iongeze programu yako kwenye orodha, kisha uichagulie High performance.

Kumbukumbu: fanya hesabu

Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ina pikseli milioni 24. Kila pikseli yenye nyekundu, kijani, buluu na uwazi hula baiti 4 katika biti 8 kwa kila rangi, yaani takribani megabaiti 96 kwa leya moja iliyojaa. Ukifanya kazi kwa biti 16, zidisha mara mbili. Leya kumi za namna hiyo zinakaribia gigabaiti 2, na bado hujahesabu historia ya kutendua. Kadi yenye kumbukumbu ndogo ikizidiwa, ndipo unapoona miraba inachelewa kujaa au inabaki mitupu.

Kwa hiyo kama tatizo linatokea kwenye picha kubwa tu, funga kivinjari na vichupo vyake, unganisha leya ambazo hutazigusa tena (baada ya kuhifadhi nakala), na hakikisha diski inayotumika kama nafasi ya muda haijajaa. Photoshop kwa kawaida hujitengea asilimia 70 ya kumbukumbu inayopatikana. Kuipandisha hadi 95 kunavutia, lakini kunaunyima hewa mfumo mzima, na unaweza kuona vurugu zaidi kuliko mwanzo.

Huenda pia ukakutana na ushauri wa kurefusha muda ambao Windows huisubiri kadi kabla ya kuiwasha upya. Muda huo kwa kawaida ni sekunde 2. Kuurefusha kunawezekana, ila ni kuizima kengele badala ya moto. Angalia kwanza kumbukumbu na joto.

Mipangilio ya programu iliyoharibika

Ikiwa kasoro imo kwenye programu moja tu na kuizima kadi hakukusaidia, rudisha mipangilio mwanzo. Kabla ya hapo toa nakala ya brashi, vitendo (Actions) na njia za mkato ulizojitengenezea.

Kwenye Photoshop shikilia Ctrl+Alt+Shift mara tu unapoiwasha (Command+Option+Shift kwenye Mac), na itakuuliza kama ufute faili la mipangilio. Ukishikilia Shift peke yake, itakupa nafasi ya kuwaka bila programu-jalizi (nyongeza) za nje, na hilo ni jaribio zuri kama ulisakinisha kitu hivi karibuni. Kwenye GIMP kuna kitufe cha kurudisha mwanzo ndani ya Preferences. Kwenye Krita, mipangilio imo kwenye faili liitwalo kritarc. Libadilishe jina badala ya kulifuta, ili uweze kulirudisha ukiona halikuhusika.

Zima pia programu zinazopenda kukaa juu ya madirisha mengine: za kurekodi skrini, za kuonyesha takwimu za michezo, za kubadilisha rangi ya skrini usiku.

Maandishi madogo mno au yenye ukungu

Hili ni la mizani ya Windows, yaani kiasi inachokuza maandishi na vitufe kwenye skrini. Skrini yenye pikseli nyingi huwekwa 125 au 150 kwa mia, na programu ya zamani isiyoielewa mizani hiyo hutokea na ukungu au na vitufe vya kutafuta kwa tochi. Bofya faili la programu kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, Change high DPI settings, kisha ujaribu chaguo moja baada ya jingine. Ukiwa na skrini mbili za mizani tofauti, ziweke sawa kwa muda uone kama tatizo linaisha.

Weupe uliopiga umanjano

Hili liliniuma mimi mwenyewe. Nilikesha nikipunguza umanjano kwenye picha za familia, moja baada ya nyingine, nikiwa na hakika kamera ndiyo iliyokosea. Asubuhi nilizitazama kwenye skrini nyingine, na nyuso za watu zilikuwa za buluu kama za wagonjwa. Picha zilikuwa sahihi tangu mwanzo. Profaili ya rangi ya skrini, yaani faili linaloziambia programu jinsi skrini inavyoonyesha rangi, ndiyo iliyokuwa mbovu, na mimi nilikuwa nimeziharibu picha ili zilingane na kosa lake. Nilibahatika kwa sababu nakala za awali zilikuwepo.

Dalili yake ni hii: weupe wa kawaida kwenye menyu na madirisha ni sawa, lakini ndani ya programu ya picha ni wa njano au waridi. Programu hizo husoma profaili ya skrini na kugeuza rangi kwa kuifuata. Kwenye Windows andika colorcpl kwenye sehemu ya kutafutia, fungua, chagua skrini yako, weka tiki ya kutumia mipangilio yako mwenyewe, ongeza profaili ya sRGB na uifanye ya msingi. Iwashe upya programu. sRGB iliandaliwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na ndiyo lugha ya rangi ya intaneti mpaka leo, hivyo ni mahali salama pa kusimama hadi utakapopata kifaa cha kupimia skrini.

Ikiwa kila kitu ni cha njano, menyu na madirisha pia, angalia Night light kwenye Windows, au Night Shift na True Tone kwenye Mac. Na ukitumia televisheni kama skrini, weusi uliofifia kuwa kijivu huenda ukatokana na televisheni na kompyuta kutoelewana: moja inatumia viwango vya mwanga 16 hadi 235 na nyingine 0 hadi 255. Vilinganishe kwenye mipangilio ya kadi au ya televisheni.

Michirizi kwenye anga au kwenye vivuli laini ni jambo jingine. Biti 8 hutoa ngazi 256 tu kwa kila rangi, na anga pana ya buluu huzimaliza upesi. Fanya kazi kwa biti 16, na kabla ya kutoa nakala ongeza punje kidogo sana.

Skrini, kebo na kadi yenyewe

Fungua menyu ya skrini yenyewe kwa vitufe vilivyo ukingoni au chini yake. Menyu hiyo haitoki kwenye kompyuta. Ikivurugika nayo, skrini ndiyo mgonjwa. Ikiwa safi huku picha nyuma yake imechafuka, badilisha kebo, kisha tundu. Kebo na matundu ya zamani yana mipaka: HDMI 1.4 hufikisha picha ya 4K mara 30 kwa sekunde, na ukitaka 60 unahitaji HDMI 2.0. Kuilazimisha kebo hafifu huleta kumeta na skrini kuzimika.

Madoa ya rangi yanayoanza baada ya nusu saa ya kazi na kutoweka kompyuta ikipoa ni joto. Zima, chomoa umeme, safisha vumbi kwenye feni na matundu ya hewa. Lakini madoa hayohayo yakionekana tangu kompyuta inapoonyesha nembo ya mtengenezaji, kabla mfumo haujaanza kuwaka, hapo hakuna draiva itakayokuokoa. Ukiwa umeshabadilisha kebo na skrini, kadi inahitaji fundi au mbadala. Nakili kazi zako nje leo hiihii.

Ukifika kwa fundi au ukiomba msaada kwa mtu mwingine, mpelekee taarifa kamili: toleo la programu, jina la kadi na tarehe ya draiva, ukubwa wa picha, mizani ya skrini, picha ya skrini uliyonasa, na majibu ya yale majaribio matatu ya mwanzo. Photoshop hukuandalia sehemu kubwa ya hayo kwenye Help, System Info, ambako kuna kitufe cha kunakili yote. Krita nayo ina orodha kama hiyo ndani ya menyu ya Help.